HSQLDB imetoka wapi? Kontena la Java kwenye majaribio linapuuza H2 niliyoliwekea

nukta_mkato (mwanzisha uzi)

Habari wakuu,

Nimerithi mradi wa Java wa EJB (bini, yaani klasi zinazoendeshwa na kontena) na JPA (kiwango cha kuhifadhi vitu vya Java kwenye hifadhidata). Majaribio ya yuniti yanawasha OpenEJB, ambalo ndilo kontena lenyewe, ndani ya JVM ileile (openejb-core ya TomEE 8), hakuna seva ya pembeni. Kabla ya majaribio inaitwa `EJBContainer.createEJBContainer()`, bini zinachukuliwa kwa JNDI (kutafutwa kwa jina), kazi inaendelea. Mtoaji wa JPA (maktaba inayoitekeleza) ni Hibernate.

Majaribio mengi yanapita. Yanayogoma ni yale yenye hoja za SQL zilizoandikwa kwa mkono, mfano `MERGE INTO bidhaa KEY(id) VALUES (...)`. H2, hifadhidata niliyoikusudia, inaielewa hiyo bila shida. Lakini kosa linalorudi limejaa `org.hsqldb`, yaani hifadhidata nyingine kabisa, kuanzia juu hadi chini! Kwenye pom.xml (faili la Maven lenye vitegemezi) nina H2 peke yake. HSQLDB sijaiandika popote, na aliyeniachia mradi anasema hata yeye hajawahi kuiweka.

Faili lenyewe hili hapa, liko `src/main/resources/META-INF/persistence.xml`:

```
<persistence-unit name="hifadhi-kuu" transaction-type="JTA">
  <jta-data-source>jdbc/HifadhiKuu</jta-data-source>
  <properties>
    <property name="javax.persistence.jdbc.driver" value="org.h2.Driver"/>
    <property name="javax.persistence.jdbc.url" value="jdbc:h2:mem:majaribio"/>
    <property name="hibernate.hbm2ddl.auto" value="create-drop"/>
  </properties>
</persistence-unit>
```

Nimebadilisha hiyo url kwa namna zote. Nimeandika hata jina la hifadhidata ambayo haipo kabisa, na majaribio yaliyokuwa yanapita yakaendelea kupita. Yaani kama vile hakuna anayeisoma. Msaada tafadhali.

---

kijani_tu

Mkuu, mimi huwa sihangaiki na hayo. Faili la majaribio liwe la majaribio. Toa hilo persistence.xml kwenye main, weka kwenye `src/test/resources/META-INF`, halafu utaona.

---

bini_tupu

Kabla ya kuhamisha chochote: hiyo `create-drop` iko kwenye faili la main? Faili hilohilo linalofungwa ndani ya jar na kwenda mazingira halisi? Iondoe leo. Usingoje uzi uishe. Siku mtu akiipakia kwenye seva yenye data za kweli, Hibernate itaanza kwa kufuta majedwali na kuyaunda upya, na itafanya hivyo kwa utii kabisa.

---

nukta_mkato

@bini_tupu nimeitoa. Ilivyo sasa kuna hatua ya ujenzi inayobadilisha faili kabla ya kufunga jar, ndiyo maana haijaleta maafa. Ila umenishtua.

@kijani_tu nimelihamisha kama ulivyosema, na sasa hali ni mbaya zaidi. Hata majaribio yaliyokuwa yanapita yamekufa:

```
java.lang.IllegalArgumentException: Unknown entity: ...Bidhaa
```

Klasi ya Bidhaa ina `@Entity`, ipo, inakompailiwa. Hivi hapo kitu gani kimepotea?

---

mzee_wa_logi

Wadau, hapa kuna matatizo mawili, na la pili limezaliwa na dawa ya la kwanza. Nianze na hilo la pili kwa sababu ni jepesi.

Yuniti ya JPA (ile `persistence-unit`, si yuniti ya majaribio) ina mzizi. Mzizi ni ile folda au jar ambayo META-INF yake imebeba persistence.xml. Usipotaja klasi moja moja, entiti (klasi zenye `@Entity`) zinatafutwa ndani ya mzizi huo tu. Maven nayo ina folda mbili: `target/classes` kwa msimbo wa main, `target/test-classes` kwa majaribio. Ulipohamisha faili, mzizi ulihamia `target/test-classes`. Entiti zako zimebaki `target/classes`. Hibernate imepekua folda iliyoelekezwa, haikukuta entiti hata moja, ikaanza kazi bila kulalamika. Malalamiko yamekuja pale ulipoita `persist`.

Kwenye programu inayoendeshwa na seva kamili hulioni hili, kwa kuwa entiti na faili hufungwa kwenye jar moja. Majaribio ndiyo yanayozitenganisha.

Ukitaka faili libaki upande wa majaribio, orodhesha kila entiti kwa `<class>`, au tumia `<jar-file>` kuonyesha folda nyingine. Njia zote mbili zinafanya kazi na zote mbili zinachosha: siku mwenzako akiongeza entiti mpya atasahau orodha, na atarudi hapa na swali lilelile. Ushauri wangu ni kurudisha faili main.

Kuhusu HSQLDB, sihitaji kukisia. Washa jaribio moja, nibandikie logi ya OpenEJB tangu mwanzo, hasa mistari yenye neno `PersistenceUnit` na `Resource`.

---

nukta_mkato

Nimerudisha. "Unknown entity" imeondoka, HSQLDB imerejea kama kawaida yake. Logi, nimekata visivyohusu:

```
Configuring PersistenceUnit(name=hifadhi-kuu)
Auto-creating a Resource with id 'Default JDBC Database' ...
Adjusting PersistenceUnit hifadhi-kuu <jta-data-source> to
  Resource ID 'Default JDBC Database' from 'jdbc/HifadhiKuu'
```

---

mzee_wa_logi

Jibu lako lote liko kwenye mstari wa mwisho. Usome tena taratibu.

Uliomba chanzo cha data kinachoitwa `jdbc/HifadhiKuu`. Kwenye seva halisi msimamizi amekisajili, kipo. Kwenye majaribio hakuna aliyekisajili. Kontena kali lingekataa kuwaka. OpenEJB imeandikwa kwa ukarimu: ikikosa chanzo ulichotaja, inakutengenezea cha kwake ili mradi usikwame, na hicho cha chaguo-msingi ni HSQLDB ya ndani ya kumbukumbu. Jar ya HSQLDB inaletwa na openejb-core yenyewe kama kitegemezi chake. Piga `mvn dependency:tree` utaiona imejificha chini yake. Ndiyo maana hamkuiandika na bado ipo.

Na ile url? Ukishasema muamala ni JTA (yaani unasimamiwa na kontena) na kontena likamkabidhi Hibernate chanzo cha data, anatumia hicho. `javax.persistence.jdbc.url` inabaki pambo. Ungeandika chochote pale.

Majaribio mengi yalipita kwa sababu JPQL (lugha ya hoja ya JPA) ya kawaida haijali iko juu ya H2 au HSQLDB. `MERGE ... KEY` ni lahaja ya H2, hapo ndipo siri ilipofichuka. Bila hoja hizo mngekaa na hali hii miaka, mkiamini mnajaribu kwa H2.

Dawa ni kusajili chanzo hicho kwa jina hilohilo pale unapowasha kontena:

```
Properties p = new Properties();
p.put("jdbc/HifadhiKuu", "new://Resource?type=DataSource");
p.put("jdbc/HifadhiKuu.JdbcDriver", "org.h2.Driver");
p.put("jdbc/HifadhiKuu.JdbcUrl",
      "jdbc:h2:mem:majaribio;DB_CLOSE_DELAY=-1");
p.put("hifadhi-kuu.hibernate.hbm2ddl.auto", "create-drop");
kontena = EJBContainer.createEJBContainer(p);
```

Mstari wa nne wa `p.put` unaanza na jina la yuniti. OpenEJB inakuruhusu kubadili sifa yoyote ya yuniti kwa njia hiyo, kwa hiyo `create-drop` inaishi kwenye majaribio na haigusi faili la main. Zile sifa za jdbc kwenye persistence.xml zifute zote, zinadanganya wasomaji.

---

bini_tupu

Hapo kwenye `DB_CLOSE_DELAY=-1` wengi huinakili bila kujua inafanya nini. H2 ya kumbukumbu hufutika pale muunganisho wa mwisho unapofungwa. Dimbwi la miunganisho likiachia yote kwa sekunde moja tu, majedwali yamekwenda, na kosa utakalopata ni "Table not found" kwenye jaribio ambalo jana lilipita. HSQLDB haina tabia hiyo: ya kwake hubaki mpaka uizime au JVM ife. Ukihama kutoka HSQLDB kuja H2, kama anavyohama ndugu yetu sasa hivi bila kukusudia kuwa huko mwanzoni, hilo linakuja kama zawadi.

Ila sasa itabaki hai hata baada ya kontena kufungwa, maadamu JVM ni ileile. Klasi mbili za majaribio zikitumia jina moja la hifadhidata, ya pili inaweza kukuta mabaki ya ya kwanza. Mimi huweka jina tofauti kila kontena linapowaka:

```
"jdbc:h2:mem:" + UUID.randomUUID() + ";DB_CLOSE_DELAY=-1"
```

---

nukta_mkato

IMEKUBALI. Logi sasa haitaji tena 'Default JDBC Database', na `MERGE` inapita.

Jaribio moja tu ndilo limebaki, linaita `em.persist()` moja kwa moja ndani ya klasi ya jaribio na kupata `TransactionRequiredException`. Mengine yanapita kwenye bini za `@Stateless`.

---

bini_tupu

Hiyo ni haki yake. Bini ya `@Stateless` hufunguliwa muamala na kontena kila mbinu inapoitwa. Klasi ya jaribio si bini, hakuna anayeifungulia. Chukua `UserTransaction`, `begin()` kabla, `commit()` baada. Au andika bini ndogo ya majaribio yenye `REQUIRES_NEW` inayopokea `Callable` na kuiendesha, halafu kila kitu unachotaka kiwe ndani ya muamala ukipitishe humo. Hii ya pili ni safi zaidi, maana `RuntimeException` ikitokea katikati muamala unarudishwa bila wewe kuandika `try` na `finally` kila mahali.

Na usimwone `EntityManager` ni `null` ukadhani ni ugonjwa mwingine. Ukiunda bini kwa `new` mkono wako, `@PersistenceContext` haifanyi kitu. Anayechomeka ni kontena, na kontena haliijui hiyo bini.

---

safu_ya_tatu

Nimesoma uzi wote. Wakuu, naomba kuuliza kwa heshima: mateso yote haya ya nini? Andika yuniti ya pili yenye `RESOURCE_LOCAL` (muamala unausimamia mwenyewe), ita `Persistence.createEntityManagerFactory("hifadhi-majaribio")`, jaribu entiti na hoja zako. Hakuna kontena, inawaka haraka, hakuna JTA. Mimi ndivyo nifanyavyo.

---

mzee_wa_logi

Ndugu yangu, inafaa kwa kitu kimoja: kuhakikisha ramani ya entiti na hoja ziko sawa. Kama mradi wake ungekuwa huo tu, ningekuunga mkono.

Lakini angalia unachokiacha nje. Nani anafungua muamala? Wewe, kwa `em.getTransaction()`. Kwenye seva ni kontena, na ukithubutu kuita `getTransaction()` kwenye `EntityManager` ya JTA unatupiwa `IllegalStateException`. Bini A ikiita bini B ikarusha kosa, muamala wote unarudishwa au nusu? Anotesheni za muamala zinaheshimiwa? Entiti inajitenga lini na muktadha wake? Hayo yote huyajaribu. Makosa mengi ya JPA ninayoitwa kuyatazama yako kwenye mpaka wa muamala, machache sana yako kwenye ramani ya jedwali. Ukiondoa kontena umeondoa mpaka wenyewe.

Halafu una yuniti mbili za kutunza, na `@PersistenceContext` isiyo na `unitName` haitajua ichague ipi.

---

safu_ya_tatu

Sawa, hapo kwenye mpaka wa muamala umenipata. Lakini basi kwa hoja hiyohiyo hata H2 ni uongo. Kama seva halisi ina PostgreSQL, jaribu kwa PostgreSQL. Testcontainers inakuwashia ya kweli kwenye Docker na kuizima mwishoni.

---

mzee_wa_logi

Hapo sibishani. Hoja zilizoandikwa kwa mkono zijaribiwe kwenye injini itakayoziendesha. H2 ina `MODE=PostgreSQL` lakini ni uigaji wa juujuu. Tena ile `MERGE ... KEY` yake PostgreSQL haiikubali, kwa hiyo @nukta_mkato, kama huko mbele ni PostgreSQL, jaribio lako limeanza kupita na msimbo wako bado ni mbovu. Huko utatumia `INSERT ... ON CONFLICT`.

Uzuri ni kwamba usajili wa chanzo haubadiliki. Ni JdbcDriver na JdbcUrl tu vinavyobadilika kwenye zile Properties, pamoja na UserName na Password. persistence.xml haiguswi.

---

nukta_mkato

Duh. Huko mbele ni H2 pia, ile ya faili, kwa sababu programu inakaa kwenye mashine za wateja. Kwa hiyo nimepona. Ila nimeandika pembeni.

---

kijani_tu

Nami nimejifunza kuhusu mzizi. Kwangu ilikuwa inakubali kwa sababu naorodhesha `<class>` zote, sikujua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa inaniokoa.

Swali langu sasa. Kuna mradi mwingine, nikiwasha majaribio yanakufa kabla hata kontena halijasema neno:

```
java.lang.ClassFormatError: Absent Code attribute in method that is
not native or abstract in class file javax/...
```

JDK nimebadilisha, hakuna tofauti.

---

bini_tupu

Hiyo si JDK. Kwenye pom.xml kuna javaee-api ya zamani, ya toleo la 6. Jar hiyo ina maganda tu: majina ya klasi na mbinu yapo, miili imenyofolewa, kwa kuwa ilikusudiwa kukompailia. JVM ikijaribu kuipakia klasi kutoka humo inakuta mbinu isiyo na mwili, inakataa. Iweke chini ya kontena kwenye orodha ya vitegemezi na uipe `provided`. Maven hupanga klasipathi kwa mfuatano wa pom, kwa hiyo mwenye miili atatangulia. Au itupe, utumie javaee-api ya Apache TomEE ambayo imekamilika.

---

safu_ya_tatu

Niongeze moja inayofanana kwa ukimya: "No EJBContainer provider available". Hapo hakuna utekelezaji wa kontena uliopatikana. Mara nyingi openejb-core imekosekana kwenye upeo wa `test`. Lakini kama kontena limewaka na linasema halikuona moduli yoyote, tazama Surefire, programu-jalizi ya Maven inayoendesha majaribio. Yenyewe huwasha JVM kwa jar moja ndogo ambayo klasipathi yote imeandikwa ndani ya manifest. Kontena linalosoma `java.class.path` kijinga linaiona jar hiyo moja tu. `useManifestOnlyJar` ukiiweka `false`, klasipathi inarudi kuwa ya kawaida.

---

nukta_mkato

Leo nimesukuma kwenye seva ya ujenzi. Kwangu kila kitu kijani, kule yote yanagoma na `NameNotFoundException` kwenye `java:global/stoo-kuu/BidhaaBini`. Msimbo ni uleule. Nini tena jamani?

---

mzee_wa_logi

Folda uliyoklonia inaitwaje kwako, na kule inaitwaje?

---

nukta_mkato

Kwangu `stoo-kuu`. Kule wanaita `workspace`.

---

mzee_wa_logi

Basi ndiyo hiyo. Usipolipa kontena jina la programu, OpenEJB inachukua jina la folda ya mradi na kulitia kwenye njia ya JNDI. Kule bini yako inaitwa `java:global/workspace/BidhaaBini`. Logi inayachapa majina yote ya JNDI wakati wa kuwaka, tafuta mistari inayoanza na `Jndi(name=`.

Unaweza kulipa jina kwa `EJBContainer.APP_NAME`, ila njia nayo itabadilika, kwa hiyo lisome jina jipya kwenye logi, usilikisie. Mimi napendelea kuacha kutafuta kwa jina kabisa:

```
kontena.getContext().bind("inject", this);
```

Hapo OpenEJB inachomeka `@EJB` na `@Resource` ndani ya klasi ya jaribio yenyewe. Ni ya OpenEJB peke yake, haimo kwenye viwango, ukihamia kontena jingine itabidi uandike upya.

---

nukta_mkato

Nimetumia hiyo ya `bind`, seva ya ujenzi imepita. Asanteni sana wakuu.

Bosi ameshaanza kusema tuhamie TomEE 9 mwaka huu. Usanidi huu wa majaribio utaishi?

---

bini_tupu

Mpangilio utaishi, majina hayatabaki. TomEE 9 ni ya Jakarta, kila `javax.persistence` inakuwa `jakarta.persistence`, na `javax.ejb` vilevile, hata zile sifa ndani ya persistence.xml. Usihamishe nusu. Entiti moja ikibaki na `@Entity` ya `javax`, mtoaji mpya ataiona ni klasi ya kawaida tu, na utakutana tena na "Unknown entity" ukaenda kutafuta mzizi ambao hauna kosa. Hibernate nayo ipande pamoja, matoleo ya 6 ndiyo ya jakarta. Hamia tawi la pembeni, endesha majaribio yote, utafute `import javax.persistence` mpaka zisirudi tena, ndipo uunganishe.